Kishona Nguo Katika Malisho Yetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa kichwa hunizunguka kama cha mtu aliyeamshwa ghafla asijue ni asubuhi au jioni. Siku hiyo nilisimama katikati ya malisho yetu kule Ntobeye, maua meupe yamenifika magotini, na mwanamke mmoja amenishika mkono akiniuliza swali dogo tu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sikulitoa, na nataka nikusimulie kwa nini, maana wewe sasa umefikia umri wa kuulizwa maswali na watu wenye shida.

Nianze mbali kidogo. Univumilie, mzee akiharakishwa huacha mambo njiani.

Niliolewa Ntobeye nikitokea Kanazi, binti ambaye hata chungu cha maharage ya watu wengi sikuwa nimekizoea. Mume wangu alikuwa Damiani, baba yako. Tuliishi na mdogo wake Gervasi na mama yao mjane, Paskazia. Mama mkwe huyo alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kung'oa magugu hata anapozungumza na padri. Nyumba ilikuwa ubavuni mwa kilima. Nyuma yake kulikuwa na migomba, chini ya migomba shamba la maharage, na ukivuka njia ya ng'ombe unaingia kwenye malisho. Yalikuwa nyasi tupu. Tangu enzi za babu yake Damiani, jembe lilikuwa halijagusa pale.

Kishona nguo unakijua. Ni ule mmea wa maua madogo meupe yenye kiini cha njano, ambao mbegu zake nyeusi kama sindano hukushika sketi ukipita, ukafika kanisani huku unazibandua moja moja wakati wa mahubiri. Kwetu ni mmea wa kawaida hata hakuna anayeutazama. Watoto huwakatia sungura, na akina mama huchuma majani machanga yake mboga zikiadimika. Lakini una tabia yake. Hauoti mahali ambapo nyasi zimeshikana na udongo umetulia. Hufuata udongo uliosumbuliwa: kando ya njia, nyuma ya zizi, shamba la mihogo lililong'olewa likaachwa. Ndani ya malisho yetu usingeuona hata mmoja.

Kisha wakaja watu.

Sijui nikuelezeje. Wewe umesoma shuleni kwamba wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaja huku kwetu Ngara, na inaonekana kama jambo lililotokea kwa mstari ulionyooka. Sisi tuliokuwapo hatukuona mstari wowote. Tulilala kilima cha ng'ambo kikiwa na miti, na baada ya muda mfupi tukakiona kimefunikwa na maturubai na moshi. Ukienda kisimani unakuta watu wengi kuliko maji. Unawasalimia kwa Kihangaza chetu, wanakujibu kwa Kinyarwanda, na lugha hizo mbili ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo: unaelewa, unaelewa, halafu linakuja neno moja linakuacha mdomo wazi.

Na mambo waliyosimulia! Huyu anakuambia alikimbia watu fulani. Yule anakuambia watu hao ndio waliokimbia. Wote wanalia, na machozi yote ni maji. Nilimuuliza Damiani, "Sasa nani alimfanyia nani?" Akatikisa kichwa. Kijijini kwetu walikuwapo waliouza ndizi wakapata, waliolia kwa huruma, waliolalamika miti imekwisha. Na mtu mmoja aliweza kufanya yote hayo kabla ya jua kuzama. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Mimi, mke mpya, sikujua niogope au nihurumie. Nilifanya yote mawili bila mpango.

Alasiri moja ya mvua mwanamke alisimama mlangoni petu. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mikononi amebeba msichana wa miaka kama minne, amefunikwa kitenge hadi usoni. Nilidhani msichana amelala. Nikajua ataomba chakula, nikaanza kupima moyoni ni viazi vingapi tunaweza kutoa.

Akasema, "Naomba mniazime jembe."

Sikuelewa. Nikamuuliza anataka jembe mvua yote hii alime nini. Mama mkwe akanisogeza pembeni kwa kiganja, akatoka, akakigusa kile kitenge, akarudi kumshika yule mwanamke bega.

"Utamlaza wapi?" akamuuliza.

"Popote mtakaponiruhusu."

Ndipo nikaelewa kwamba msichana hakuwa amelala. Aliitwa Speransia. Msichana alikuwa Odeta, mwanawe wa kwanza. Tumbo la kuhara lililokuwa likiwamaliza watoto kambini lilikuwa limemchukua asubuhi ile. Mchanga wa mgongoni aliitwa Inosenti. Baba yao hakuwa amevuka nao, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Damiani ndiye aliyetoa wazo. "Shambani patalimwa tena," alisema. "Tumlaze malishoni. Pale hapaguswi na jembe." Tulichimba, yeye na Gervasi kwa majembe, mimi kwa mikono nikitoa udongo. Tulisali rozari, sisi kwa lugha yetu na Speransia kwa yake, na sala zikakutana mwishoni kwenye Amina. Gervasi akafunga msalaba wa vijiti. Tukapanga mawe matatu kichwani.

Msalaba haukumaliza wiki. Kuni zilikuwa adimu kuliko chumvi. Mawe nayo yakaondoka baadaye. Speransia alipokuja akakuta hayapo alisema, "Kuna mtu anapika." Basi. Hakumlaani mtu. Mtu mwenye watoto wenye njaa akiyaona mawe matatu yamekaa bure, ataona mafiga.

Lakini ule udongo tuliouchimba uliota kishona nguo. Labda mbegu zilitoka kwenye sketi zetu, sijui. Mvua zilipoendelea, katikati ya majani yale mabichi ya malisho palisimama kitanda kidogo cha maua meupe, chenye urefu wa mtoto. Speransia alipokiona mara ya kwanza alijishika kifua.

"Inyabarasanya," akasema. Ndivyo wanavyokiita kwao. "Hata huku kipo?"

"Udongo ukichimbwa, hicho ndicho cha kwanza kuja," mama mkwe alimjibu.

Tangu hapo alikuja Jumapili nyingi baada ya misa ya kambini. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alisimama kwenye njia ya ng'ombe, akatupa macho, akaona weupe ule, akaenda moja kwa moja. Akimaliza sala zake alipita kwetu. Tulichambua maharage pamoja, tukacheka namna tunavyotofautiana kuita kitu kimoja, na Inosenti alijifunza kutembea uani kwetu akimfukuza jogoo. Kiangazi maua yakakauka, vuli yakarudi palepale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mwanangu. Niliponea kwake upweke wa mwanamke mgeni katika nyumba ya watu.

Kisha Speransia akaacha kuja. Tukaenda kambini kuuliza. Mmoja akasema ameugua, mwingine akasema amekufa, wa tatu akasema amechukuliwa na shemeji yake kwenda kambi ya upande wa Biharamulo. Tulirudi bila kujua tumlilie au tumsubiri. Mama mkwe alisema tusifanye lolote kati ya hayo hadi tujue, akaendelea kupalilia. Nilimwona mgumu wa moyo. Nilikuwa sijamjua bado.

Katika kipindi alichokuwa hayupo, wakaja wengine kutoka Burundi, na kambi ikiwa imejaa, walilala malishoni petu msimu mzima. Wangelala wapi? Walichimba mashimo ya nguzo, wakachimba mitaro ya kuzuia maji, wakachimba vyoo, wakakoka moto kila mahali. Walipohamishwa, malisho yalikuwa mekundu kama kidonda. Nasi, nisikufiche, tulikuwa na mambo yetu. Nilikuwa na mimba yako. Hakuna aliyekumbuka kwenda kupigilia hata kigingi kimoja cha kuonyesha kaburi liko wapi. Tulidhani tunajua.

Mvua ikanyesha. Udongo ule wote uliosumbuliwa ukafanya kile ambacho udongo uliosumbuliwa hufanya.

Sasa ndiyo ile siku. Ilikuwa imetangazwa kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na barabara ilijaa watu. Kwanza tuliwaona wakielekea upande mmoja, kisha tukawaona wanarudi kuelekea upande mwingine, vichwani magodoro, migongoni watoto, mikononi masufuria na kuku. Ukimuuliza mtu unakwenda wapi, anakuonyesha mbele. Mvua nyepesi, matope, sauti za watoto waliopotezana na mama zao. Sikujua kama ninaangalia watu wanaofukuzwa au watu wanaokwenda nyumbani. Nadhani wao wenyewe hawakujua.

Mtu mmoja akajitenga na ule umati akapanda kilima chetu. Alikuwa amekonda mno, nikamtambua kwa mwendo. Speransia! Amemshika mkono Inosenti, sasa mtoto wa kutembea mwenyewe, na nyuma yake shemeji yake, mwanamume mrefu mwenye godoro kichwani, akimhimiza afanye haraka.

Hatukusalimiana kwa utaratibu. Tulikumbatiana tu. Akasema, "Nimekuja kumuaga Odeta. Nataka nichukue udongo wake kidogo, niuweke nyumbani penye makaburi ya kwetu. Nitakuwa nimempeleka."

Akaenda mbio hadi njia ya ng'ombe, mahali alipozoea kusimama. Akatupa macho.

Malisho yote yalikuwa meupe. Kuanzia njia hadi bondeni, maua juu ya maua, hakuna pa kuweka kidole ukasema hapa ndipo weupe ulipo na hapa haupo. Mtu mwingine angesema ni pazuri. Yeye aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akanigeukia akitabasamu, lile tabasamu la mtu anayedhani anataniwa.

"Ni wapi?" akauliza.

Tuliingia sote. Damiani alikwenda bila kusita hadi karibu na kichuguu. "Ni hapa. Nakumbuka kichuguu kilikuwa mkono wangu wa kulia." Gervasi akamwambia kichuguu cha zamani kilivunjwa na wale waliolala hapa, hiki ni kingine, kaburi liko chini zaidi, karibu na njia. Damiani akasema njia nayo imehama. Gervasi akasema njia haijahama, ni kaka yake aliyehama akili. Wakaanza kupandishiana sauti, ndugu wawili waliolichimba kaburi lile kwa mikono yao, kila mmoja akiapa, na walikuwa wamesimama mbalimbali kama nyumba na zizi.

Mimi pia nilikuwa na mahali pangu! Nilikumbuka nilipokuwa nimepiga magoti, na mteremko ulivyokuwa. Nilikwenda pale, nikasogea kidogo, nikarudi, nikasogea tena. Kila nilipokanyaga palifanana na pale. Maua yakanishika sketi. Nilianza kuona kizunguzungu, na kwa kitambo nikajiuliza kama kweli tulimzika mtoto, au niliota.

Shemeji yake akanifuata akaninong'oneza, jasho likimtoka chini ya lile godoro. "Dada, nakuomba. Wenzetu wanatuacha. Chagua mahali popote umwonyeshe, achukue udongo, twende. Atajuaje?"

Na hapo hapo Speransia akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Leokadia," akaniambia, "waache wanaume wagombane. Wewe ulitoa udongo kwa mikono yako. Ni wapi?"

Mwanangu, nilikwisha kupachagua. Palikuwa mahali ambapo maua yalisongamana zaidi, hatua chache kutoka tuliposimama. Nilimhurumia. Niliona kwamba neno moja tu, "hapa," lingemwinamisha, lingempa udongo wake, lingemrudisha barabarani kwa watu wake kabla hawajaenda. Nani angeumia? Nilivuta pumzi nilitamke.

"Leokadia."

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mikono yake haikuwa inang'oa kitu.

"Unajua?" akaniuliza.

"Mama, nadhani—"

"Sikukuuliza unadhani nini. Unajua?"

"Sijui, mama."

"Basi mwambie hivyo."

"Ataondoka na uchungu."

"Ataondoka nao hata ukimdanganya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe huwezi kumpunguzia kwa kumpa udongo usio na mtu. Ataubeba njia nzima akiamini ni mwanawe, atauzika kwao, atausalia. Unataka hilo liwe juu yako? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwambie."

Nikamgeukia Speransia nikamwambia. "Sijui ni wapi. Wote hatujui. Tulidhani tunajua, na hatujui."

Usidhani, mwanangu, kwamba ukweli ukishasemwa ndege huimba. Alinitazama kama hakusikia. Kisha akapiga kelele. "Nilikuachieni mtoto! Nilimwacha kwenu!" Akaanguka chini akaanza kung'oa yale maua kwa mikono miwili, akafukua kidogo, akahamia pengine, akafukua, akahamia tena, matope hadi viwikoni. Inosenti akalia kwa kumwona mama yake vile. Shemeji alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Damiani na Gervasi waliinamisha vichwa kwa aibu. Nami nilisimama nikimchukia kila mtu: wale waliolala pale, mama mkwe na ukweli wake, hata mmea ule usiojua lolote. Nilijiambia, ningesema "hapa" angekuwa ametulia sasa. Nilikuwa na hakika kwamba tumefanya ubaya. Baada ya kitambo nilikuwa na hakika kwamba tumefanya wema. Kisha sikuwa na hakika ya chochote.

Mama mkwe alikwenda akaketi kwenye matope kando yake. Hakumzuia. Alisubiri mikono ya Speransia ichoke yenyewe. Ilipochoka, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Mahali hatupajui, mwanangu. Malisho tunayajua. Yumo humu, hajatoka. Hilo naweza kukuapia."

Akampangusa Speransia matope ya viwikoni.

"Na humu hapatalimwa."

Damiani akainua kichwa. "Mama, tulikubaliana mihogo. Ng'ombe wamebaki wawili, na udongo huu umeshafunguka wenyewe. Mtoto wetu akizaliwa tutamlisha nini?"

"Mtalima kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Sijui," akasema mama yake. "Lakini si hapa. Tusipojua alipolala, tutamkata kwa jembe siku yoyote."

Damiani alivua kofia. Na yule shemeji, aliyekuwa ametaka nidanganye, akatua godoro lake chini, palepale kwenye maua na matope, akamnyanyua Speransia kwa mikono miwili. Akamwambia, "Twende tuzunguke." Wakatembea polepole kufuata mpaka wa malisho yote, wanaume wetu wawili wakiwafuata, mimi nimembeba Inosenti na tumbo langu, mama mkwe mbele akionyesha mpaka unapopita. Speransia alikuwa akiinama hapa na pale, anachukua udongo kidogo, anatia kwenye pindo la kitenge. Tulipofika tulipoanzia alifunga fundo. Akanikumbatia, lakini mwili wake ulikuwa mgumu. Hakuniambia asante, wala sikuitarajia. Waliteremka wakaingia kwenye ule umati, na sikuweza tena kutofautisha godoro lao na magodoro ya wengine.

Ahadi ile ilitugharimu. Ulikuja mwaka wa njaa, na Damiani alisimama mara nyingi kwenye njia ya ng'ombe akitazama ardhi nzuri isiyolimwa. Tulikodi shamba mbali, tukatoka alfajiri na kurudi jioni, na wewe ulikulia kwenye mgongo uliochoka. Tuligombana kwa ajili ya hilo zaidi ya mara moja. Damiani alisema tunawanyima walio hai kwa ajili ya aliyekufa ambaye hata hatujui yuko wapi. Lakini hakupeleka jembe, Mungu amlaze pema, na Gervasi naye hakupeleka. Nyasi zilirudi kidogo kidogo, na kadiri zilivyoshikana ndivyo kishona nguo kilivyosogea nyuma, mpaka kikabaki kando ya njia kama zamani.

Mama mkwe alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza kama yeye alikuwa na hakika siku ile. Nilikuwa nikimwogopa mno, kisha nikampenda mno.

Miaka mingi ikapita. Siku moja, wewe ukiwa masomoni, kijana mrefu alikuja uani akiwa na mfuko wa sukari mkononi. "Shikamoo, mama," akanisalimu kwa Kiswahili cha barabarani. Nikamwitikia marahaba. Akasema yeye ni dereva wa lori, hupita njia panda ya Nyakanazi mara kwa mara akilala pale na kula pale, na kila alipopita alijiambia safari ijayo atafika Ntobeye. Akasema anaitwa Inosenti.

Nikamvutia kiti, nikamuuliza habari za mama yake.

Mama yake alikuwa hai, miguu ikimsumbua. Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mafuta, tukizunguka jambo lenyewe kama kuku anayezunguka pa kutagia. Mwishoni akaweka kikombe.

"Mama, dada yangu yuko wapi?"

Damiani alikuwa kitandani mgonjwa, Gervasi amehamia kwingine. Hakukuwa na mtu wa kunisahihisha, na kijana alikuwa ametoka mbali. Unaona jinsi jaribu linavyorudi likiwa limevaa nguo nyingine? Nikampeleka hadi njia ya ng'ombe.

"Yumo humu," nikamwambia. "Mahali penyewe sipajui, mwanangu. Hapakulimwa, lakini sipajui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama aliniambia mtaniambia hivyo." Akabandua mbegu za kishona nguo kwenye suruali yake. "Alikukasirikia miaka mingi, nisikufiche. Lakini tuliporudi kwetu, kila mtu alikuwa na mahali pa kutuonyesha kuwa ndipo alipozikwa baba. Baba alilala hapa, hapana, alilala pale. Aliyekuwa na neno la uhakika leo, kesho alikuwa na jingine. Mama alichoka. Siku moja akasema, wale watu wa Ntobeye waliniambia hawajui, na hawakuniongezea kitu. Akanituma nikuambie hana kinyongo." Kisha akauliza, "Yule bibi mfupi yupo?"

Nikampeleka nyuma ya migomba nikamwonyesha kaburi la Paskazia. Hilo nilikuwa nalijua. Akapiga magoti pale muda mrefu, kijana asiyeweza hata kuukumbuka uso wake, na mimi nikasimama kando nikilia, bila kujua vizuri namlilia nani.

Basi, mwanangu, neno langu kwako ni hili. Utaulizwa mambo. Wewe umesoma, unavaa vizuri, watu watakujia wakidhani unajua, na wengine watakujia wakiomba tu uwaambie lolote ili wapumue. Wasikie kwanza. Kama unajua, sema. Kama hujui, usione haya kusema hujui, hata mtu akiwa amekushika mkono na machozi yakiwa njiani. Njia ya mwongo ni fupi, ijapokuwa mwongo wenyewe ana huruma. Lakini usiishie hapo, maana kusema "sijui" na kuondoka ni uvivu, nao hauna tofauti kubwa na ukatili. Keti naye kwenye matope. Tafuta ni kipi kidogo unachokijua kweli, umpe hicho, na kama kuna ahadi unayoweza kuitimiza, iweke na uitimize hata ikikunyima mihogo. Na ukibaki umechanganyikiwa baadaye, kama nilivyobaki mimi, usidhani ulikosea. Mambo mengine hayakuja duniani ili yaeleweke. Yalikuja ili tuone mtu atasimama vipi mbele yake.

Sasa sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa mababu zetu na wa wale waliopita njiani akulinde. Akupe ulimi mzito pale usipojua, na miguu myepesi pale unapohitajika. Watoto wako wazikwe na wajukuu wao, si na wewe. Na popote utakapolala, awepo mtu anayepajua. Nenda kwa amani, mwanangu.